Tathmini ya huduma ya FEC ya kutafuta wachangiaji: fedha zikiingia zinaonekana, zikitoka zinafifia

Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho ya Marekani, ambayo wengi huitaja kwa kifupisho chake FEC, ina tovuti ambamo mtu yeyote, bila kulipa na bila kujisajili, anaweza kuandika jina la tajiri fulani na kuona ni wanasiasa gani wa ngazi ya shirikisho waliopokea fedha zake. Nimekuwa nikiitumia kufuatilia jambo moja linaloniumiza, nalo ni fedha ambazo matajiri waliotuhumiwa kwa unyanyasaji wa kingono waliwapa wanasiasa, pamoja na ahadi zinazotolewa pale tuhuma zinapofika magazetini, kwamba fedha hizo zimerudishwa au zimepelekwa kwa mashirika ya hisani. Tathmini hii inaipima huduma kwa kazi hiyo peke yake: je, raia wa kawaida anaweza kuthibitisha kwa macho yake kwamba ahadi ilitimizwa?

Kilicho chema ni kingi, na ni haki kianze. Huduma hii imesimama juu ya sheria ya fedha za kampeni ambayo Bunge la Marekani liliirekebisha kwa kina mwaka 1974, baada ya kashfa ya Watergate, na marekebisho hayo ndiyo yaliyoizaa Tume yenyewe. Kamati ya mgombea ikipokea kutoka kwa mtu mmoja zaidi ya dola 200 katika kipindi cha uchaguzi, inapaswa kuandika jina lake, anwani yake, kazi yake na mwajiri wake, pamoja na tarehe na kiasi. Taarifa hizo ndizo zinazoingizwa kwenye hifadhidata. Tovuti ya sasa, iliyozinduliwa mwaka 2017 baada ya kusukwa upya, ni rahisi kuliko ile ya zamani: unaandika jina, unachagua jimbo au jiji, unaweka tarehe na kiasi, na jedwali linajipanga upya hapo hapo. Safu zake ni jina la mchangiaji, mpokeaji, jimbo, mwajiri, tarehe ya kupokelewa na kiasi. Ukibonyeza mstari mmoja, kidirisha cha pembeni kinafunguka na maelezo zaidi, pamoja na kiungo cha ukurasa halisi wa ripoti iliyowasilishwa na kamati. Kiungo hicho nakithamini kuliko kitu kingine chochote humo, kwa kuwa kinakuonyesha hati yenyewe, huna haja ya kutegemea muhtasari wa mtu mwingine. Orodha nzima unaweza kuipakua na kuifanyia hesabu nyumbani.

Urefu wa kumbukumbu zake nao unastahili sifa. Jeffrey Epstein alipokamatwa Julai 2019 kwa mashtaka ya biashara haramu ya ngono iliyohusisha wasichana wadogo, shirika la utafiti la OpenSecrets lilizichambua kumbukumbu za Tume na kuonyesha kwamba kati ya 1989 na 2003 alikuwa ametoa zaidi ya dola 139,000 kwa wagombea na kamati za shirikisho za upande wa Democratic, na zaidi ya dola 18,000 kwa upande wa Republican. Miongoni mwa waliopokea alikuwa Chuck Schumer, ambaye mwaka 2019 alikuwa kiongozi wa Wademocrat katika Seneti, na michango hiyo ilikuwa ya miaka ya 1990. Schumer alitangaza kwamba angetoa kiasi kilekile kwa makundi yanayopambana na usafirishaji haramu wa binadamu na ukatili dhidi ya wanawake. Miaka zaidi ya 20 ilikuwa imepita tangu fedha hizo ziingie. Kama daftari hilo lisingekuwa wazi kwa umma, hakuna ambaye angekuwa na la kumuuliza.

Hata hivyo, mgeni anakwazwa tangu mlangoni. Ukifungua ukurasa wa michango ya watu binafsi, utafutaji unaanza na kipindi cha miaka miwili ya karibuni tu, na mtu asiyejua hilo ataandika jina la mtu aliyechangia sana miaka ya 1990, apate jedwali tupu, kisha aondoke akiamini kwamba hakuna kitu. Inabidi kuvichagua vipindi vya nyuma kwa mkono, kimoja baada ya kingine. Ipo sababu ya kiufundi, kwani rekodi ni nyingi mno na mtambo huzidiwa, lakini onyo lenye herufi kubwa juu ya jedwali lingetosha kumwokoa msomaji. Vilevile majina hayafanani kila mahali. Steve Wynn, tajiri wa kasino wa Las Vegas, yumo kama Steve na pia kama Stephen, na anayetafuta umbo moja tu atakosa sehemu ya hesabu. OpenSecrets wao huyaunganisha majina ya namna hiyo kwa kazi ya watu, ndiyo maana nashauri hesabu za jumla zichukuliwe kwao na hati za ushahidi zichukuliwe FEC.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya watu wawili kuwa na jina moja, na hapa upo mfano ambao kila anayeitumia huduma hii angepaswa kuufahamu. Novemba 2025, Baraza la Wawakilishi lilipokuwa likijadili azimio la kumkemea Stacey Plaskett, mjumbe wa Visiwa vya Virgin vya Marekani, kwa mawasiliano yake na Epstein, mbunge Jasmine Crockett wa Texas, Mdemocrat mwenzake, alisimama na kusoma orodha ya wanasiasa na kamati za Republican ambazo, kwa maneno yake, zilipokea fedha kutoka kwa mtu aitwaye Jeffrey Epstein. Mmoja wa waliotajwa, Lee Zeldin, alijibu kwamba mchangiaji wake ni daktari mwenye jina hilohilo, asiyehusiana kabisa na yule mhalifu. Tarehe peke yake ingetosha kumzuia msomaji makini: michango iliyokwenda kwa Zeldin ilikuwa ya mwaka 2020, ilhali Epstein aliyekuwa akizungumziwa alifariki gerezani Manhattan tarehe 10 Agosti 2019. Crockett alieleza baadaye kwamba wasaidizi wake walikuwa na dakika chache tu za kutafuta, na kwamba hakusema ni Epstein yupi. Mimi sioni kwamba maelezo hayo yanatosha. Daktari wa watu hakufanya kosa lolote zaidi ya kutumia haki yake ya kuchangia, na jina lake likaburutwa mbele ya taifa zima. Safu za kazi, mwajiri na jiji ziliwekwa na sheria ili kutenganisha watu wa aina hii, na anayezipita bila kuzisoma anamdhulumu mtu asiye na hatia, tena anawapa wenye hatia nafasi ya kusema kwamba orodha zote ni za uongo.

Sasa nije kwenye kiini cha tathmini, yaani fedha zinapotoka.

Tarehe 5 Oktoba 2017 gazeti la New York Times lilichapisha uchunguzi wake kuhusu Harvey Weinstein, mtayarishaji wa filamu na mfadhili wa muda mrefu wa wanasiasa wa Democratic. Ndani ya siku chache maseneta kadhaa, wakiwemo Schumer, Elizabeth Warren, Cory Booker, Patrick Leahy, Richard Blumenthal, Kirsten Gillibrand na Martin Heinrich, walitangaza kwamba fedha zake wangezipeleka kwa mashirika ya hisani. Tangazo ni maneno. Ili kulithibitisha kwenye tovuti ya Tume, unatoka kwenye ukurasa wa michango na kuingia kwenye ukurasa wa matumizi, unaitafuta kamati ya seneta husika, kisha unatafuta mojawapo ya mambo mawili. Iwapo fedha zilirudishwa kwa mwenyewe, zitaandikwa kwenye mstari wa 20(a) wa fomu ya wagombea, ambao ni wa marejesho kwa watu binafsi. Iwapo zilipelekwa kwa shirika la hisani, zitakuwa kwenye mstari wa 21, wa matumizi mengineyo, ambapo utaliona jina la shirika na neno moja au mawili kuhusu lengo la malipo. Hakuna popote panaposema kwamba malipo hayo yanatokana na fedha za fulani. Kamati inaweza kuwa na michango kadhaa ya hisani katika robo moja ya mwaka, na wewe unabaki kulinganisha kiasi na tarehe, ukikisia ipi ni ipi.

Muda nao unamchosha mfuatiliaji. Ripoti ya robo ya tatu ya mwaka inafunga hesabu tarehe 30 Septemba. Kwa hiyo malipo yaliyofanywa Oktoba 2017, katika joto la habari, yangeonekana kwenye ripoti ya mwisho wa mwaka, ambayo siku yake ya mwisho kuwasilishwa ilikuwa tarehe 31 Januari 2018. Isitoshe, wakati huo wagombea wa Seneti walikuwa bado wanawasilisha ripoti zao kwa karatasi kupitia ofisi ya Katibu wa Seneti, na karatasi hizo zilipaswa kuchapwa upya kabla ya kuingia kwenye hifadhidata. Sheria ya kuwataka wawasilishe kwa njia ya kielektroniki ilipita Septemba 2018. Hebu fikiria: wanasiasa waliotoa ahadi zilizosikika zaidi walikuwa ndio wenye ripoti zilizochelewa zaidi kusomeka. Kufikia siku ambayo raia angeweza kukagua, vyombo vya habari vilikuwa vimeshahamia kwenye habari nyingine. Kasoro ya karatasi imekwisha, na nawapongeza waliopigania hilo kwa miaka mingi, lakini pengo la miezi kati ya ahadi na hati bado lipo.

Kamati ya Taifa ya chama cha Democratic ilikuwa na lake. Ilitangaza kwamba ingetoa kiasi cha dola 30,000 hivi, nazo ziende kwa EMILY's List, Emerge America na Higher Heights, makundi ambayo kazi yao ni kuwasaidia wanawake kuingia katika siasa, mawili ya mwanzo yakiwa ya wanawake wa chama hichohicho. Ukirudi nyuma kwenye vipindi vya uchaguzi tangu miaka ya 1990, unaona kwamba chama kilikuwa kimepokea kutoka kwa Weinstein mara nyingi zaidi ya kiasi hicho. Hapa huduma inafanya kazi yake vizuri kabisa, kwa sababu mtu yeyote anaweza kujumlisha na kuona tofauti. Kuhusu uamuzi wenyewe, nauona kuwa mbovu. Fedha zilizodaiwa kusafishwa kwa ajili ya wanawake walioumizwa zilibaki ndani ya ukumbi wa siasa.

Upande wa Republican haukufanya vyema zaidi, na sitaki msomaji adhani kwamba doa hili lina rangi ya chama kimoja. Mwezi huohuo wa Oktoba 2017 mwenyekiti wa Kamati ya Taifa ya Republican, Ronna McDaniel, aliwashinikiza wapinzani wake warudishe fedha za Weinstein. Tarehe 26 Januari 2018 gazeti la Wall Street Journal likachapisha tuhuma za wafanyakazi wa kike dhidi ya Steve Wynn, ambaye wakati huo alikuwa mwenyekiti wa fedha wa kamati ileile ya McDaniel. Wynn alizikana tuhuma hizo na anaendelea kuzikana, lakini alijiuzulu wadhifa wa chama siku iliyofuata na uongozi wa kampuni yake mwezi Februari. Chama kikasema kwamba kingerudisha fedha iwapo tuhuma zingethibitika. Aprili 2019 tume ya michezo ya kubahatisha ya Massachusetts iliitoza kampuni ya Wynn Resorts faini ya dola milioni 35, baada ya kubaini kwamba wakuu wake walizijua tuhuma na hawakuchukua hatua. Ukimtafuta Wynn kwenye hifadhidata kwa kipindi cha 2019–2020, unakuta kwamba katika majira hayohayo ya 2019 chama kilikuwa kimeanza tena kupokea fedha zake, mamia ya maelfu ya dola. Mistari hiyo ya jedwali, yenye tarehe na jina la mpokeaji, ina nguvu kuliko hotuba yoyote. Kwa kazi ya namna hii, yaani kuonyesha kwamba mlango uliofungwa kwa kishindo ulifunguliwa tena kimyakimya, sijui huduma nyingine ya serikali inayoifikia.

Kuna jambo ambalo tovuti haiwezi kuliamua, ila linambana kila mwanasiasa, nalo ni wapi fedha ziende. Sheria haimlazimishi kuzitoa. Inauliza tu kama chanzo ni halali: si raia wa kigeni asiye na kadi ya kijani, si fedha za kampuni zilizopelekwa moja kwa moja kwa mgombea, si mtu aliyetumia jina la mwingine. Tabia ya mtoaji haimo. Wengi husema “rudisheni fedha”, nami sikubaliani nao, kwa sababu kumrudishia mtuhumiwa tajiri ni kumwongezea uwezo wa kulipa mawakili dhidi ya wanawake wanaomshtaki. Naona ni afadhali ziende kwa vituo vinavyowahudumia manusura, na kiasi kiwe chote kilichopokelewa tangu mwanzo, hata kama kilishatumika. Plaskett, ambaye eneo lake ndilo lenye kisiwa kilichokuwa mali ya Epstein, alipokea michango yake miaka mingi baada ya Epstein kukiri kosa mbele ya mahakama ya Florida mwaka 2008. Julai 2019, baada ya kusitasita kwanza, alisema kwamba angetoa kiasi hicho kwa mashirika ya visiwani kwake yanayosaidia wanawake na watoto. Mwelekeo huo ulikuwa sahihi. Kupokea kwenyewe ndiko kusikoelezeka.

Msomaji anapaswa pia kujua yasiyomo kabisa. Michango ya ngazi ya jimbo haipo: fedha ambazo Epstein alimpa Bill Richardson kwa kampeni za ugavana wa New Mexico hazimo FEC, kwa kuwa kila jimbo lina daftari lake. Wakfu na taasisi za hisani za wanasiasa hazimo. Wakfu wa familia ya Clinton ulisema mwaka 2017 kwamba hautarudisha fedha za Weinstein, na habari hiyo hutaipata kwa Tume. Wafadhili wa mashirika ya kijamii yanayoruhusiwa kutangaza siasa bila kuwataja nao hawamo. Na kubwa kuliko yote, nguvu ya mwenyeji haimo. Agosti 2012 Weinstein alimkaribisha Rais Obama nyumbani kwake Westport, Connecticut, kwenye hafla ya kuchangisha fedha ambayo kiingilio chake kilikuwa dola 35,800 kwa mtu. Kila aliyelipa ameandikwa kwa jina lake. Aliyewaalika, aliyewaketisha na aliyesimama kando ya Rais haandikwi kama chanzo cha fedha hizo, kwa sababu sheria inazitaka kamati zitaje wakusanyaji pale tu wanapokuwa washawishi waliosajiliwa, yaani watu wanaolipwa kuishawishi serikali. Mtu anayesoma jedwali peke yake atamwona Weinstein mdogo kuliko alivyokuwa.

Kuhusu uimara wa taasisi, Tume ina viti sita, na maamuzi makubwa yanahitaji kura nne. Ilikosa akidi kwa miezi mingi kuanzia mwishoni mwa Agosti 2019, na ikakosa tena Mei 2025. Tovuti haikuzimika katika nyakati hizo, ripoti ziliendelea kuingia na kusomeka, na hilo linastahili kutajwa kama sifa ya watumishi wa ndani. Lakini katika nyakati hizo malalamiko ya raia aliyegundua dosari kwenye ripoti hayakuwa na wa kuyapigia kura.

Kwa wasomaji wetu walioko Marekani, ambao wengi wao wana kadi ya kijani au uraia, sheria inawaruhusu kuchangia, kwa hiyo huduma hii inawahusu moja kwa moja: kabla ya kumtumia mgombea dola 50, tazameni ni nani mwingine aliyemtumia. Mkumbuke tu kwamba sheria inakataza kuyachukua majina na anwani za wachangiaji kwa ajili ya kuwaomba fedha au kufanyia biashara. Kwa walioko nyumbani, itazameni kama kipimo. Kenya ilipitisha Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi mwaka 2013, na chaguzi za 2017 na 2022 zikapita bila sheria hiyo kutekelezwa. Mpiga kura wa Nairobi au Mombasa hana ukurasa wa kuandika jina la tajiri na kuona alimpa nani.

Naipa huduma hii alama nne kati ya tano kwa fedha zinazoingia, na mbili kati ya tano kwa fedha zinazotoka. Marekebisho ninayoyaomba si makubwa. Kwenye fomu ya matumizi kiongezwe kisanduku kimoja, ambapo kamati inayorudisha au kuutoa mchango itaandika namba ya muamala wa awali, namba ambayo tayari ipo kwenye ripoti zinazowasilishwa kielektroniki. Kisha kwenye jedwali la michango, kando ya jina la Wynn, la Weinstein au la Epstein, kila mstari uonyeshe kama fedha hizo zilitoka, lini, na kwenda kwa nani. Na pale ambapo hazikutoka, pabaki wazi ili kila mtu aone kwamba pako wazi.